Transmita Ndogo ya AM Inapogoma: Kutafuta Kosa Kuanzia Betri hadi Antena

Mtu anayejenga transmita yake ya kwanza ya AM, akiiwasha na kukuta redio haisemi chochote, kwa kawaida hufanya mambo mawili: huongeza betri na hurefusha waya wa antena. Hatua hizo zinapaswa kuwa za mwisho, na mara nyingi hazihitajiki kabisa. Katika miaka niliyokaa na redio mbovu mezani hapa Mtwara, na kuwasaidia vijana wa Shangani, Chikongola na Mikindani kutengeneza mitambo hii midogo, nimekuta kosa karibu siku zote likiwa ndani ya bodi yenyewe: mguu wa transista uliowekwa kinyume, ncha ya koili isiyoshika, kiungo cha risasi kilichopoa vibaya, au chumvi ya bahari iliyokaa mahali isipoonekana. Kwa hiyo maelezo haya yanafuata njia ya umeme kutoka kwenye betri kwenda nje, na yanamwomba msomaji apime kabla ya kubadili kifaa chochote.

Kabla ya kuanza, suala la sheria liwe wazi. Masafa ya redio nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kurusha matangazo hewani kunahitaji leseni. Michoro mingi inayosambaa mtandaoni imetoka Marekani, ambako kanuni zinamruhusu mtu kutumia mtambo usiozidi miliwati 100 na antena isiyozidi mita 3 bila leseni. Ruhusa hiyo ni ya kwao, haivuki bahari pamoja na mchoro. Mtambo ninaoueleza hapa ni wa kujifunzia mezani: mawimbi yake yanatakiwa yaishie ndani ya chumba, na vipimo vyote vinavyofuata vinawezekana redio ikiwa umbali wa hatua mbili au tatu.

Mchoro wenyewe

Ili tuzungumze jambo moja, nieleze mchoro ninaoukusudia, ambao vifaa vyake vyote hupatikana kwenye redio chakavu ya mfukoni. Moyo wake ni fimbo ya feraiti, ile nyeusi ya antena iliyo ndani ya redio, yenye koili mbili: ile kubwa yenye mizunguko mingi na ile ndogo yenye mizunguko michache, takriban 8 hadi 10. Koili kubwa imefungwa sambamba na kapasita ya kuzungusha, ile ya plastiki ya kutafutia stesheni, na jozi hiyo imekaa kati ya kolekta, mmoja wa miguu mitatu ya transista (mingine ni besi na emita), na upande wa chanya. Koili ndogo inarudisha sehemu ya mtetemo, yaani umeme unaokwenda na kurudi kwa kasi kwenye koili kubwa, hadi kwenye besi, na mrejesho huo ndio unaofanya transista iendelee kutetema bila kukoma. Besi inapata volti yake kupitia ncha ya pili ya koili ndogo, kutoka kwenye rezista mbili, ya kilo-omu 47 kutoka chanya na ya kilo-omu 10 kwenda hasi, na mahali rezista hizo zinapokutana pamewekwa kapasita ya nanofaradi 1 kwenda hasi. Emita ina rezista ya omu 470 iliyoambatana na kapasita ya nanofaradi 10.

Sauti inaingia kwa transfoma ndogo ya spika iliyotolewa kwenye redio ya zamani. Upande wake wa omu 8 unaunganishwa na tundu la spika za masikioni la simu inayopiga muziki, na ule mwingine, wa takriban omu 1000, unakatiza njia ya umeme wa betri kabla haujafika kwenye koili na kwenye zile rezista mbili. Simu ikitoa sauti, volti inayofika kwenye transista inapanda na kushuka kufuata sauti hiyo, na wimbi linalotoka linapata nguvu na kufifia vivyo hivyo. Baada ya transfoma, upande wa koili, kuna kapasita ndogo ya nanofaradi 1 kwenda hasi. Kabla ya transfoma, upande wa betri, kuna kapasita kubwa ya maikrofaradi 100. Nafasi za kapasita hizi mbili zishikwe vizuri akilini, kwa kuwa zitarudi.

Vipimo vya kwanza

Weka betri na upime volti yake mtambo ukiwa umewashwa. Betri ya mraba ya volti 9 iliyokaa dukani muda mrefu huonyesha volti 9 ikiwa peke yake na kushuka hadi 6 au 7 inapobebeshwa kazi, na anayeipima nje ya mtambo hatalijua hilo. Mimi napendelea betri sita za tochi zilizopangwa mfululizo, kwa kuwa zinadumu na volti yake haiyumbi. Halafu pima emita kwa kulinganisha na hasi: ukiwa na volti 9 utapata karibu volti 0.9, maana yake ni kwamba transista inapitisha takriban miliampea 2. Kwenye besi utapata karibu volti 1.5. Mtetemo ukiwa unaendelea namba hizi husogea kidogo, jambo ambalo si kosa.

Usipime kwenye kolekta kwa haraka. Waya za mita zenyewe zina uwezo wa kapasita na urefu wa kutosha kubadilisha masafa, na wakati mwingine kuzima mtetemo kabisa, ukaondoka na imani kwamba transista imekufa kumbe umeiua wewe kwa sekunde ulizokuwa unapima.

Namba ya emita inatoa mwelekeo wa kazi yote. Ikiwa ni sifuri, transista haipitishi umeme: tafuta rezista iliyokosewa, ncha ya koili ndogo iliyokatika, au miguu iliyochanganywa. Ikiwa ni kubwa mno, kwa mfano volti 3 au 4, huenda rezista ya kilo-omu 10 haijashika upande wa hasi, au transista imeungua na kushikana kwa ndani.

Redio imenyamaza: je, mtambo unatetema?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa wanatarajia kusikia kitu. Wimbi bebaji, yaani wimbi la mtambo linalobeba sauti, likiwa halina sauti halisikiki kama mlio. Weka redio kwenye AM, chagua mahali pasipo na stesheni ambapo unasikia ule mchakacho wa hewani, kisha washa transmita na uzungushe kapasita yake taratibu. Ukifika kwenye masafa yale yale, mchakacho hukatika ghafla na redio ikanyamaza kama iliyofunikwa blanketi. Ukimya huo ndio uhai. Kijana anayepita haraka akisubiri muziki hulikosa hilo mara tatu, nne, na kuanza kufungua viungo visivyo na kosa.

Njia ya pili haihitaji redio. Acha mita kwenye emita, kisha kwa kipande kifupi cha waya unganisha ncha mbili za koili kubwa. Waya huo huzima mtetemo. Volti ya emita ikiruka, hata kwa sehemu ndogo ya volti, mtambo ulikuwa unatetema na tatizo liko kwenye masafa au kwenye redio. Isiposogea hata kidogo, hapakuwa na mtetemo wa kuzimwa.

Iwapo volti za emita na besi ni sahihi lakini hakuna mtetemo, badilishana ncha za koili ndogo, iliyokuwa inakwenda besi iende kwenye rezista, na ya kwenye rezista iende besi. Mrejesho ukirudi kwa mwelekeo wa kinyume unaupinga mtetemo badala ya kuusaidia, na hakuna alama kwenye koili inayokuambia mwelekeo upi ni sahihi. Mtu akiniletea bodi isiyotetema yenye volti nzuri, hili ndilo ninalolifanya kwanza, na mara nyingi huwa halina la pili.

Miguu ya transista inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu vifaa vinavyofanana sura havifanani mpangilio. Ukiishika transista upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, 2N3904 na S9018 zina emita kushoto, besi katikati na kolekta kulia. BC547 ni kinyume chake, kolekta kushoto na emita kulia, besi ikibaki katikati. C945 na C1815, ambazo zimejaa kwenye redio na vikuza sauti vya zamani, zina emita kushoto, kolekta katikati na besi kulia. Kwa hiyo anayefuata mchoro wa 2N3904 akiwa na C1815 mkononi anaweza kupata volti za ajabu zisizoeleweka na mtambo usiotetema, ilhali kila kifaa ni kizima. Mita yenye alama ya dayodi inamaliza ubishi: besi ni ule mguu unaoonyesha takriban volti 0.6 hadi 0.7 kwenda kwenye miguu mingine yote miwili.

Tazama pia waya wa koili. Koili nyingi za feraiti zimesukwa kwa nyuzi kadhaa nyembamba kama nywele, kila uzi na rangi yake ya kuhami. Rangi hiyo isipoungua wakati wa kulehemu, risasi hukumbatia waya kwa nje bila kuushika, na kwa macho kiungo kinaonekana kizuri. Nyuzi zikishika mbili kati ya saba, koili inapitisha umeme wa mita lakini ubora wake unashuka na mtetemo unakuwa dhaifu au haupo. Kwangua taratibu kwa wembe au msasa laini, paka risasi kwanza kwenye ncha peke yake hadi nyuzi zote zing'ae, ndipo uifunge kwenye bodi. Anayetumia pasi iliyopashwa kwenye jiko la mkaa, kama wanavyofanya mafundi wengi wa vijijini, awe mwangalifu zaidi: ikitoka motoni huwa kali kuliko transista inavyovumilia, na ikikaribia mwisho huwa imepoa kiasi kwamba risasi inaganda na rangi ya jivu, yenye chembechembe, badala ya kung'aa. Kiungo cha rangi ya jivu kirudiwe.

Mtambo unaokufa asubuhi na kufufuka mchana

Niseme kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kinahusu pwani yetu kuliko kitu kingine. Kijana mmoja wa Mikindani aliniletea transmita ambayo, kwa maneno yake, "Fundi, saa nne inapona, asubuhi imekufa tena." Alikuwa ameshabadilisha transista tatu na kuutupa waya wa antena juu ya mwembe. Mchana, mezani kwangu, emita ilionyesha volti 0.9 na redio ilinyamaza mahali ilipotakiwa. Nikamwomba aiache ilale dirishani upande wa bahari. Alfajiri, kabla ya jua, emita ilikuwa volti 0.3 na hapakuwa na mtetemo.

Nikaigeuza bodi na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Kati ya njia ya besi na njia ya hasi, zilizopishana kwa upana wa punje ya mchele, palikuwa na utando wa rangi ya asali, unaonata ukiugusa kwa sindano. Yalikuwa mabaki ya mafuta ya kulehemu, na si yale ya vifaa vya redio, bali yale makali wanayotumia mafundi wa mabati. Mafuta ya namna hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya bahari ina chumvi yake. Vikikutana, utando unageuka kuwa rezista isiyokuwa kwenye mchoro, inayoivuta volti ya besi chini. Jua likipanda, unyevu unakauka na mtambo unarudi. Transista zote tatu zilikuwa nzima.

Dawa ilikuwa spiriti na mswaki wa zamani. Tulisugua upande wote wa viungo, tukaikausha bodi juani mpaka alasiri, tukapitisha msasa kwenye miguu iliyoanza kuwa myeusi, tukarudia viungo viwili, kisha tukapaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya njia za bodi. Rangi hiyo isifike kwenye kapasita ya kuzungusha, kwa kuwa ikipenya kati ya bamba zake hakuna wa kuitoa. Walioko Newala na kwingineko kwenye uwanda wa juu wa Makonde hawana chumvi hii kwa kiwango chetu, lakini wakati wa mvua unyevu unawafikia nao, na mafuta makali ya kulehemu yanakula viungo popote.

Ukimya upo, sauti haipo

Wimbi bebaji likipatikana lakini sauti haisikiki, kosa limehamia kwenye transfoma na simu. Anza na simu: chomoa waya wa mtambo, weka spika za masikioni kwenye tundu lile lile na uhakikishe kwamba muziki unacheza na sauti imepandishwa. Kisha angalia ile kapasita kubwa. Maikrofaradi 100 ikiwekwa baada ya transfoma badala ya kabla yake, inameza mabadiliko yote ya volti ambayo sauti inayaleta, na transista inaona umeme uliotulia kabisa. Wimbi litakuwa safi na bubu. Nimeiona kwa watu makini, ambao waliongeza kapasita hiyo kwa nia njema ya kutuliza umeme.

Sauti ikisikika kama mnong'ono, transfoma imegeuzwa. Upande wa omu 8 una waya mnene, na mita husoma pungufu ya omu 2 au karibu na hapo. Upande mwingine husoma makumi ya omu au zaidi. Namba hizo za mita si zile 8 na 1000 zinazotajwa dukani, kwa kuwa omu za dukani ni za umeme wa sauti na mita inapima umeme wa betri, kwa hiyo asihangaike anayekosa kuziona. Transfoma ikikaa sawasawa, volti ya sauti inapanda mara 11 hivi, nusu volti ya simu inakuwa zaidi ya volti 5, na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa mbele ya betri ya volti 9. Simu nayo inaona mzigo wa omu 30 na ushei, sawa na spika za masikioni, na ndiyo maana haisumbuki.

Kuna dalili moja inayowashangaza watu: muziki unasikika, lakini mwimbaji ametoweka, au amebaki kama mwangwi wa mbali nyuma ya ala. Chanzo ni ncha ya transfoma iliyotakiwa kwenye waya wa pamoja wa plagi kufungwa kwenye chaneli ya pili. Transfoma inabaki imening'inia kati ya chaneli ya kushoto na ya kulia, inasikia tofauti tu ya chaneli hizo, na sauti ya mwimbaji, ambayo kwa kawaida iko sawa pande zote mbili, inajifuta. Ihamishie ncha hiyo kwenye shina la plagi, ambalo ndilo la pamoja. Usiunganishe kushoto na kulia moja kwa moja ili kupata zote. Tumia chaneli moja, au kila moja ipitie rezista yake ya omu 22 kabla hazijakutana.

Sauti ikikwaruza kwenye maneno ya nguvu tu, punguza sauti ya simu. Volti ya sauti inaposhuka chini hadi kufikia kiasi cha betri yenyewe, kwa nukta hiyo transista haina umeme wowote na wimbi linakatika. Sauti ikiwa nzito isiyo na "s" wala "sh", kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, tazama kapasita ya besi: nanofaradi 10 mahali pa 1 inatosha kuzima sauti za juu. Na ikiwekwa kubwa zaidi, nanofaradi 100 kwa mfano, huanza tabia nyingine kabisa: mtetemo unajaa, unajizima, unaanza upya, mara mamia kwa sekunde, na redio inatoa mngurumo kama wa pikipiki ambao haubadiliki hata simu ikichomolewa. Kurudisha kapasita ndogo kunamaliza ugonjwa huo. Usipopona, ondoa mzunguko mmoja au miwili kwenye koili ndogo, kwa kuwa mrejesho umezidi.

Inasikika mahali pasipo pake

Masafa ya kati, yale ya AM kwenye redio, katika eneo letu la dunia yanaanzia kilohezi 531 hadi 1602, stesheni zikipishana kwa kilohezi 9. Koili ya redio ya mfukoni ina takriban maikrohenri 600, na ili itetemee kilohezi 1000 inahitaji pikofaradi 42 hivi kwa jumla. Kapasita ya kuzungusha ya redio hizo ina sehemu mbili, moja ya takriban pikofaradi 140 na nyingine ya 60, na mguu wa katikati kwa kawaida ndio wa pamoja. Aliyeunganisha sehemu ndogo bila kujua ataona mtambo wake haushuki chini ya kilohezi 750 au karibu na hapo, hata akizungusha mpaka mwisho. Ahamie mguu wa upande wa pili.

Aliyeunganisha sehemu zote mbili pamoja anakutana na jambo gumu zaidi. Kapasita ikifungwa kabisa, mtambo unashuka mpaka karibu na kilohezi 455, ambayo ndiyo masafa ya ndani ambayo redio nyingi za AM hugeuzia kila stesheni kabla ya kuikuza. Wimbi la kilohezi 455 likiwa karibu na redio huingia humo moja kwa moja, bila kujali mshale uko wapi, na sauti yako inasikika kila mahali kwenye dirisha la stesheni. Furaha ya kuona "mtambo unashika kote" isimdanganye mtu. Aidha, chini ya kilohezi 526 ni eneo la vifaa vya kuongozea ndege na meli, na hatuna ruhusa ya kugusa huko hata kwa bahati mbaya. Tumia sehemu moja tu.

Sauti ikitokea mahali pawili, piga hesabu. Ya pili ikiwa mara mbili ya ya kwanza, kama 600 na 1200, mtambo unatoa mawimbi ya ziada, kwa kawaida kwa sababu mrejesho ni mkubwa mno. Tofauti ikiwa 910, kama 1500 na 590, mtambo hauna kosa: redio yenyewe inaona kivuli, kwa kuwa 910 ni 455 mara mbili, na kivuli hicho hufifia ukiisogeza redio mbali kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo usichague kilohezi 910 kwa majaribio yako. Redio itapiga mluzi na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

Stesheni inahama

Ukisogeza mkono na sauti ikapotea, tazama shina la kapasita ya kuzungusha. Shina limeunganishwa na mguu wa pamoja, na mguu huo ukifungwa upande wa kolekta, vidole vyako vinakuwa sehemu ya kapasita. Ufunge upande wa chanya, na mkono hautaleta tofauti kubwa. Antena nayo isifungwe kwenye kolekta moja kwa moja. Ipitie kapasita ya pikofaradi 10, la sivyo kila mtu anayepita chumbani anahamisha masafa. Fimbo ya feraiti ifungwe isicheze, kwa kuwa koili ikiteleza juu yake kwa upana wa ukucha stesheni imehama.

Kuhama kwa polepole, dakika baada ya dakika, ni betri inayochoka au jua linalopiga bodi kupitia dirishani. Mtambo wa koili na kapasita hautatulia kama wenye kristali ya kushikilia masafa, na hilo likubaliwe.

Mvumo

Simu ikichajiwa wakati inapiga muziki, chaja yake huleta mvumo na mchakacho; ichomoe. Taa za LED, televisheni na vifaa vya sola vinavyogeuza umeme ni wachafuzi wakubwa wa masafa ya kati. Zima swichi kubwa ya nyumba kwa dakika moja, redio na mtambo vikiwa kwenye betri: kelele ikiisha, si yako.

Mchana shwari, usiku vurugu

Mchana, tabaka la chini la anga linameza mawimbi ya kati yanayopanda juu. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi yanarudishwa ardhini na tabaka za juu, na stesheni zilizo mamia ya kilomita zinaingia hadi Lindi na Mtwara kwa nguvu. Nafasi iliyokuwa tupu saa sita mchana huwa na wenyewe saa mbili usiku, na mluzi unaousikia ni wimbi lako likigongana na la stesheni iliyoko kilohezi moja au mbili pembeni. Chagua nafasi yako usiku, siyo mchana, na uiache nafasi yoyote unayosikia mtu ndani yake.

Inasikika karibu mno, au mbali mno

Kabla ya kusema mtambo ni dhaifu, geuza redio. Ndani yake kuna fimbo ya feraiti kama yako, na fimbo hizo zikilala sambamba ubavu kwa ubavu husikilizana vizuri. Moja ikikatiza nyingine kama msalaba, sauti inaweza kupotea kabisa kwa umbali wa mkono. Wengi wameongeza waya kwa sababu redio ilikuwa imekaa vibaya mezani.

Waya wenyewe hautoi kile unachoutarajia. Wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300, na robo yake, ambayo ndiyo antena inayofanya kazi vizuri, ni mita 75. Kutoka mita 1 kwenda mita 4 hakukukaribishi huko. Kunazidisha tu mzigo kwenye koili, kunahamisha masafa, na msimu wa mvua waya ulioning'inizwa juu ya mti unaalika radi chumbani. Usiunganishe antena na bati la paa, bomba la maji wala waya wowote wa umeme wa nyumba.

Kipande cha nusu mita kinatosha kwa meza. Mtambo ukishafanya kazi, chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa yako, na utoke nayo nje hatua kwa hatua ukiigeuza kila upande. Sauti inatakiwa ife kabla ya kufika ukutani. Ukiisikia barazani, fupisha waya kwa kipimo cha kiganja, rudi ndani, pima emita tena, na utoke upya.